Damu ya Siku 35: Nairobi na umoja unaodaiwa kudumu wiki moja

Kila inapofika Septemba 21, hurudi lile neno kwamba umoja wa Wakenya baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, ulidumu wiki moja tu. Wanaolisema si watu wa kubeza. Wana ushahidi, tena mzito, na nitautaja. Lakini naona wanapima hisia za siku zile na kuziona zimepoa, basi wanafunga kitabu. Kuna kitu kilichozaliwa na hisia kama zile katika jiji hilihili, nacho hawakitazami.

Hoja yao kwanza. Watu 67 waliuawa katika mkasa ule wa siku nne mwaka 2013. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi, nayo hadi anaondoka madarakani ilikuwa haijaundwa. Wanajeshi wawili walifukuzwa kazi na kufungwa kwa kuiba ndani ya jengo walikotumwa kuokoa watu. Kisha Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch, msako wa polisi wa kutafuta magaidi: takriban watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Miezi saba tu kabla ya hapo, dunia nzima ilikuwa imeona picha ya mtoto akimkimbilia Abdul Haji, Mwislamu wa Kisomali, mwana wa seneta wa Garissa wa wakati huo, aliyeingia Westgate na bastola yake kuwatoa watu asiowajua. Katika msako wa Eastleigh, sura kama yake ilitosha kumfanya mtu asimamishwe na kudaiwa kitambulisho. Anayesema kwamba kaulimbiu ya “sisi ni wamoja” ilitufumba macho, mimi sina la kumkanusha hapo.

Lakini twende bustani ya Uhuru Park katikati ya jiji, siku zilezile za Septemba. Risasi zilikuwa bado zinasikika Westlands, mtaa wa Westgate, na watu walikuwa wamepanga foleni kutoa damu. Kule Parklands, jamii ya Oshwal, Wajaini wenye asili ya India, ilifungua kituo chake karibu na jengo lenyewe, kikawa mahali pa chakula, huduma ya kwanza na ushauri nasaha kwa yeyote aliyefika. Ukiitazama foleni ile peke yake utaona huruma ya siku mbili. Mimi nikiitazama naona kitu kilichokuwa kimeandaliwa kwa miaka 12.

Maana mwaka 1998 mambo hayakuwa hivyo. Ijumaa ya Agosti 7, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliua watu 213 jijini Nairobi na kujeruhi maelfu. Wengi walipoteza macho kwa sababu mlio wa kwanza uliwavuta madirishani, na mlipuko mkubwa ukawakuta wakichungulia kwenye vioo. Jengo la Ufundi liliporomoka, watu wakachimbua kifusi kwa mikono, matatu na magari ya watu binafsi yakageuka ambulensi. Hospitalini damu ilitakiwa kwa wingi ambao nchi haikuwa imejiandaa nao. Hatukuwa na huduma ya taifa ya damu. Kila hospitali ilijitafutia yake, na kwa kawaida jamaa za mgonjwa ndio walioitwa watoe. Siku ile jamaa wengi walikuwa bado wanazunguka jijini wakitafuta mtu wao.

Kutokana na funzo hilo, na kwa msaada mkubwa wa Marekani, Huduma ya Kitaifa ya Damu ilianzishwa mwaka 2001. Tangu hapo damu ikaanza kukusanywa kutoka kwa wanaojitolea, ikapimwa na kuhifadhiwa kwa mpango. Waathiriwa wa 1998 walikuwa na madai mengi ambayo hayajajibiwa hadi leo, fidia ikiwa ya kwanza, na bustani ya kumbukumbu pale Haile Selassie na Moi Avenue haiwezi kuyafuta. Hata hivyo mama anayevuja damu akijifungua Machakos mwaka wowote baada ya hapo, akaongezewa damu ya mtu asiyemjua, amenufaika na kitu kilichotoka kwenye kifusi kile.

Hapa naomba tukae kidogo. Damu ikishatolewa na kuwekwa kwenye jokofu hudumu kwa kawaida siku 35, ikizidi 42, kisha hutupwa. Kwa hiyo painti iliyotolewa Uhuru Park siku moja baada ya Westgate, kufikia mwanzoni mwa Novemba ilikuwa imetumika au imemwagwa. Mtoaji mwenye afya naye anaweza kurudi baada ya miezi mitatu au minne. Nadhani umoja wa watu una tabia hiyohiyo. Kwamba ulichakaa baada ya majuma machache hainishangazi wala hainithibitishii kuwa ulikuwa wa uongo. Ninachouliza ni kama kulikuwa na mtu wa kuwaita tena wale wa foleni mwezi Januari.

Na hapa ndipo wenye shaka wangepaswa kushambulia, kwa sababu hapa ndipo tumeshindwa. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani ni nchi kukusanya painti sawa na asilimia moja ya watu wake kwa mwaka. Kwa sensa ya 2019 hiyo ni karibu painti 476,000, nasi tulikuwa mbali sana na hapo. Mwaka uleule fedha za Marekani kwa Huduma ya Damu zilikatika na uhaba ukaingia wodini. Huo ni uzembe wa bajeti, na mwananchi aliyewahi kunyoosha mkono wake sindano iingie ana kila haki ya kuuliza kulikoni.

Yapo na mengine tuliyojifunza baada ya Westgate. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha, kwa kukiuka Katiba, vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa kwa fujo bungeni Desemba 2014. Huko Riverside, Nairobi, magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2 Januari 2019, watu 21 waliuawa, lakini zaidi ya 700 walitolewa wakiwa hai na shambulio likamalizwa kabla ya siku mbili kupita, tofauti kabisa na mkanganyiko wa nani anatoa amri tuliouona Westgate. Tume haikuundwa, ni kweli, lakini kuna aliyejifunza.

Tena wanaoibeba huduma ya damu kwa sehemu kubwa ni wanafunzi wa sekondari, wenye sare, wanaotoa shuleni gari la huduma likifika. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa 1998. Shule zikifungwa, majokofu hupungukiwa. Agosti 7, 2020, kumbukumbu ya miaka 22 ya bomu, shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona, na hospitali zilikuwa zikiwaomba tena jamaa za wagonjwa waje watoe.