Posta kwa Miguu: Uende Mwenyewe au Uongozwe?

Mwezi uliopita mpwa wangu alishuka kutoka Mwanza, na kitu cha kwanza alichokitaka Dar es Salaam hakikuwa bahari. Alitaka kuzunguka Posta kwa miguu, pale katikati ya jiji kwenye mabenki, peke yake, akifuata nukta tisa alizozichomeka kwenye ramani ya simu. Jirani yangu, ambaye anakula kwa kutembeza wageni na leseni yake huivaa shingoni hata akienda dukani, alikuwa amekaa nasi barazani. "Nenda mwanangu," akamwambia. "Utaona maghorofa, utatoka jasho, utarudi."

Jumanne nikamfuata kijana, hatua kumi nyuma yake kama askari kanzu, nione nani kati yao ana haki.

Nianze na hoja ya kijana, maana ina nguvu kuliko jirani yangu anavyotaka kukiri. Posta ni ndogo. Ukishuka mwendokasi Kivukoni, ukaifuata bahari, ukapita makanisa mawili ya zama za Wajerumani, ukapandisha hadi Samora na kuishika mpaka Mnara wa Saa, hata kwa mwendo wa kivivu saa moja inatosha, ukiacha muda wa kusimama. Mitaa ina vibao. Hakuna kiingilio. Ukichoka unakaa kivulini kwa muuza kahawa, unamega kashata yako, na hakuna anayekuangalia saa. Zaidi ya yote, unasimama unapotaka wewe. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini nitalirudia.

Jirani naye anasema majengo hayana mdomo, na ushahidi anao. Chukua Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Mpwa wangu alifika, akapiga picha, akasoma bamba, akaondoka. Dakika nne. Bamba linawakumbuka askari wa Kiafrika wa vita ya 1914 hadi 1918, pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Waingereza waliisimamisha sanamu hiyo mwaka 1927. Kabla yake mahali hapo palikuwa na sanamu nyingine, ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann, ikang'olewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Kijana alisimama juu ya habari hiyo kwa viatu vyake, ikampita. Barabara yenyewe aliyokuwa akiitembea imebadilishwa jina kila bwana alipobadilika: Wajerumani waliiita kwa jina la migunga, Waingereza wakaliendeleza kwa lugha yao, uhuru ukaifanya Independence Avenue, na leo ni Samora, rais wa kwanza wa Msumbiji. Mtu mwenye kuongozwa angeyasikia hayo yote kabla taa za barabarani hazijabadilika rangi.

Mpaka hapo jirani anaongoza. Lakini nimewahi kuifuata ziara yake pia, na ndipo ninapoanza kumkatalia. Njia yake haijabadilika tangu nimjue: Makumbusho ya Taifa, bustani, kanisa la Azania Front, Mtakatifu Joseph, Boma la Kale la Sultani Majid lililojengwa kwa mawe ya matumbawe miaka ya 1866 na 1867, Askari, kisha samaki wa Feri. Ni njia nzuri, siikejeli. Ila mabenki anayapita kama mtu anavyopita miti ya barabarani. Wageni wanaletwa katikati ya mtaa wa fedha wa nchi nzima, wanaoneshwa kila kitu isipokuwa fedha.

Na fedha ndiyo yenye simulizi nono. Februari 5, 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na kesho yake benki zikataifishwa. Barclays, Standard, National and Grindlays na wenzao wakamiminwa kwenye chungu kimoja kilichoitwa NBC, yaani Benki ya Taifa ya Biashara. Wazee wa mjini watakwambia kwamba kwa miaka mingi ukisema "nakwenda benki" hakuna aliyekuuliza ipi. Sheria ya mwaka 1991 ndiyo iliyofungua mlango tena. Standard Chartered ikarejea mwaka 1993, NBC ikagawanywa mwaka 1997 na NMB ikazaliwa humo, na mwaka 2000 asilimia 55 ya NBC iliyobaki ikaenda kwa Absa ya Afrika Kusini. Halafu mwaka 2005 sehemu kubwa ya Absa ikanunuliwa na nani? Barclays, yule yule aliyenyang'anywa matawi yake mwaka 1967. Mzunguko huo wote umefanyika ndani ya mitaa michache ambayo mtu anaimaliza kabla chupa yake ya maji haijaisha.

Ukipandisha macho juu ya maduka, mitaa ya Indira Gandhi na Jamhuri, unaona ghorofa za zamani zenye vibaraza, nyingine zina mwaka wa ujenzi uliochongwa kwenye lipu. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, yakaingia kwa Msajili wa Majumba na baadaye kwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kuna wanaosema ilikuwa haki kwa mji ambao mpangaji hakuwa na sauti. Kuna familia zilizofunga mizigo mwaka huo huo. Na hapo hapo Indira Gandhi, Machi 29, 2013, ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu 36. Nukta tisa za mpwa wangu hazikuwa na hata moja katika mtaa huo. Ziara ya jirani nayo haina.

Sasa maghorofa yenyewe. Anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani ni ya mabenki, au ya tajiri mmoja mwenye mkanda mpana. Mpwa wangu alisimama Sokoine Drive akaelekeza kidole kwenye ile minara pacha yenye ghorofa 35. "Hii ya nani, mjomba?" Alikuwa amekwisha kunigundua wakati huo. Nikamwambia: ya mama yako. Alicheka, lakini sikuwa natania. Dada yangu ni mwalimu wa msingi, na minara ile ilijengwa na PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. PPF Tower ilitokana na mfuko mwingine wa pensheni. Mnara wa Mkapa pale Azikiwe ni wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa ikawa mmoja, PSSSF. Kwa hiyo sehemu kubwa ya anga la Posta, ile tunayoipiga picha kutoka Kigamboni jua likizama, ni makato ya mishahara ya walimu na wauguzi yaliyogeuzwa zege.

Je, ni busara? Watetezi husema ardhi ya katikati ya jiji haiozi na kodi ya pango hulipa wastaafu. Wapinzani huuliza ghorofa likikosa wapangaji hasara inakwenda kwa nani, na swali lao limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kwa dhati kuhamia Dodoma, wizara moja baada ya nyingine zikaondoka Kivukoni. Benki ya CRDB nayo imehamishia makao yake makuu eneo la Palm Beach. Sina hukumu hapa. Ninachosema ni kwamba swali hili linaonekana kwa macho ukiwa umesimama chini ya jengo, shingo imepinda, na sijawahi kumsikia mwongozaji akiliuliza mbele ya wageni.

Ndiyo maana nasema lile la kusimama unapotaka si dogo.

Lakini kusimama kuna bei yake. Mbele ya benki moja kijana aliinua simu kupiga picha lango la vioo. Mlinzi alitoka kivulini bila haraka. "Kaka, hapa picha hairuhusiwi. Nioneshe simu." Akasimama hadi picha ikafutwa, na ile ya kabla yake ikafutwa pia, ambayo ilikuwa ya paka. Jirani yangu asingefika huko. Anawajua walinzi kwa majina, anajua wapi kamera inabaki mfukoni, na mbele ya minara miwili ya Benki Kuu, Mtaa wa Mirambo, huwaambia wageni waendelee kutembea huku akizungumza. Huwasimulia ilivyofunguliwa Juni 14, 1966. Hasimulii kwamba ujenzi wa minara hiyo ulizaa kesi, na mwaka 2010 aliyekuwa mkurugenzi mmoja wa benki akafungwa kwa matumizi mabaya ya madaraka. Ana leseni ya kulinda, namwelewa.

Kuna jingine ambalo mimi na kijana hatukuliona mpaka dada yake alipotukatisha jioni. "Nyinyi wanaume ndio mnaweza kuzurura na kusimama chini ya majengo mkitazama juu," alisema. "Mimi nikisimama dakika mbili nishaitwa mara tano." Hapo sina jibu. Simu nayo si ya kuning'iniza mkononi ukingoni mwa barabara, bodaboda inapita na simu imekwenda. Njia za waenda kwa miguu zimejaa magari yaliyoegeshwa, mifuniko ya mitaro mingine haipo, na saa saba mchana lile joto halina utani. Kwa mgeni asiyejua Kiswahili, au mwanamke anayekwenda peke yake mara ya kwanza, fedha anayomlipa mwongozaji ni ya haki kabisa.

Wapo wanaotafuta njia ya kati: nenda Jumapili asubuhi, Posta imelala, hakuna foleni, hakuna wa kukuita. Nilikwenda. Ni kweli unaona majengo vizuri, lakini ni kama kwenda kutazama mpira uwanja ukiwa mtupu. Mtaa wa fedha bila fedha kupita ni zege tu. Hata soko la hisa, ambalo mpwa wangu alitarajia kulikuta na watu wakipiga kelele na kurusha mikono, halina cha kutazamwa. Kampuni ya kwanza, TOL, iliingia sokoni Aprili 1998, lakini biashara inafanyika kwenye kompyuta, na leo mtu ananunua hisa kwa simu akiwa Tunduma.

Kwa hiyo Jumanne. Na Jumanne ilitupa kitu kilichokuwa nje ya ramani na nje ya ziara ya jirani. Chini ya ghorofa la benki, kwenye kona, dada mmoja wakala wa kutuma fedha kwa simu alikuwa na mwavuli, meza ya plastiki, simu nne na daftari la mistari. Mzee alitaka kutuma laki mbili nyumbani. "Floti imeisha, baba. Subiri kidogo, kijana ameingia benki." Tukasubiri naye. Baada ya robo saa kijana akatoka kwenye milango ya vioo, bahasha tupu mkononi. Noti zimebaki ndani, floti, yaani salio la kutumia wateja, imeingia kwenye simu. Dada akabonyeza, mzee akasoma ujumbe wake kwa sauti, akaondoka. Mpwa wangu aliniambia hicho ndicho alichokielewa kuliko vyote alivyoviona siku ile: benki iko juu na mwavuli uko chini, na anayeviunganisha ni kijana mwenye bahasha. Hakuna aliyekuja kumfafanulia. Angekuwa kwenye kundi la watalii wanane wenye ratiba, wangekuwa wamekwisha fika Boma.

Basi msimamo wangu ni huu, na jirani ameshaukasirikia: mwenye kuijua lugha na aende mwenyewe, siku ya kazi, kabla ya saa nne, na asome kidogo usiku wa kuamkia. Mgeni kabisa amchukue jirani yangu, ila amlazimishe kusimama mbele ya mabenki. Kosa kubwa liko kwenye njia yenyewe, iwe ya mtu au ya simu, kwa sababu zote mbili zimerithi orodha ya mzungu wa zamani: kanisa, boma, sanamu, bahari.

Na zote zinaishia Posta, wakati mtaa wa fedha hauishii hapo. Pita Mnara wa Saa, ukate Mnazi Mmoja. Uwanja huo uliachwa wazi na wakoloni kutenganisha mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika, na leo una Mwenge wa Uhuru na wanafunzi waliokaa kwenye nyasi. Ng'ambo yake ni Kariakoo, ambayo jina lake linatokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa kwenye bamba la Askari. Huko noti zinahesabiwa kwa mabunda juu ya marobota ya nguo, na maghorofa mapya hayana jina la mfuko wowote.

Tuliingia huko saa saba kasoro, kijana akiwa bado na nukta mbili hajazimaliza. Alikuwa amesimama katikati ya njia akitafuta mtandao. Jamaa mmoja kifua wazi, mkokoteni umebeba marobota hadi juu ya kichwa chake, akapiga ukelele nyuma yetu: "Mguu, mguu! We wa simu, pisha!" Akapisha.