Kazi Zilirudi, Mikataba Haikurudi

Kila ripoti ya uchumi ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya, inapotoka, wakubwa hukimbilia idadi ya kazi mpya. Mimi huanza kwa kutafuta ngapi kati ya hizo ni za jua kali, yaani sekta isiyo rasmi.

Mwaka 2020, corona ilipouangusha uchumi wa Kenya, ajira 737,500 zilipotea. Mwaka uliofuata zikapatikana 926,100. Ukiishia hapo utasema pengo limezibwa na chenji ikabaki. Lakini 753,800 kati ya hizo zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Na tusiseme ni majeraha ya corona tu, kwa sababu mwaka 2024 ajira mpya zilikuwa 782,300, na 703,700 zilikuwa jua kali. Tisa katika kila kumi.

Nawafikiria sana walimu wa shule za binafsi. Shule zilipofungwa Machi 2020, walioajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, waliendelea kulipwa, na ni haki yao. Wale wengine wengi walibaki bila shilingi hadi Januari 2021, hata shule moja huko Mwea ikageuza madarasa kuwa mabanda ya kuku. Mwalimu aliyeanza kuuza mboga kando ya barabara wakati huo, na bado anauza, kwenye takwimu ana kazi. Hana bima anayochangiwa na mwajiri, hana akiba ya uzeeni ya NSSF, na akiugua wiki moja mtaji wote umeliwa. Simdharau mama mboga; ndiye anayelisha mitaa yetu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mtu huyu amerudishiwa alichopoteza.

Waajiri nao walijifunza kitu kwenye mdororo ule. Mfanyakazi akipunguzwa kazini, sheria inadai alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Kwa hiyo wengine wakatuma watu likizo bila malipo, likizo isiyo na tarehe ya kurudi, mpaka mtu akachoka kusubiri akaenda zake. Nafasi zilipofunguliwa tena zikajazwa na vibarua wa siku au mikataba ya miezi mitatu mitatu.

Hatuhitaji sheria mpya. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akishafanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na akifikisha miezi miwili mfululizo anastahili haki alizo nazo mwajiriwa asiye kibarua. Wangapi wamewahi kuambiwa hivyo na bosi wao? Serikali ikitaka kujisifu kuhusu ajira, iwatume wakaguzi wa leba kwenye malango ya viwanda asubuhi na mapema, wawaulize wanaosubiri kuitwa majina wamekuwa wakija hapo tangu lini, kisha waingie ndani na swali hilo hilo.