Afande naye akae mezani

Juzi nimebishana na jamaa yangu mmoja, mwalimu, mpaka sauti ikanikauka. Kisa nimesema polisi nao waruhusiwe kuwa na chama na kujadiliana na mwajiri kuhusu mshahara kama wafanyakazi wengine. Akacheka hadi akashika mbavu. "Polisi na chama wapi na wapi, wakigoma nani atatulinda?" Huyu huyu ambaye chama chake kikitangaza mgomo yeye ndiye wa kwanza kufunga darasa, na nyongeza ikiingia sijawahi kusikia kairudisha.

Jamani kujadiliana si kugoma! Afrika Kusini polisi wana vyama, POPCRU, chama cha polisi na askari magereza, ipo tangu 1989, wanakaa na serikali wanabanana kuhusu mishahara na posho, ila kugoma marufuku kwa sababu kazi yao ni huduma ya lazima, wakishindwana suala linaenda kwa msuluhishi. Kanada nako Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2015 kwamba askari wa RCMP, yaani polisi wa taifa wa huko, wana haki ya kujadiliana kupitia chama wanachokichagua wenyewe, sio kile walichowekewa na wakubwa zao.

Lakini ukigusa tu mada hii lazima mtu akutupie Boston 1919, ule mgomo wa polisi wa mji huo wa Marekani. Haya, twende hukohuko Boston. Wale askari walikuwa wananunua sare kwa hela zao, wengi wanapiga kazi zaidi ya saa 70 kwa wiki, vituo wanavyolala vimejaa panya, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilishapandisha bei za kila kitu huku mshahara haujasogea wa maana. Wakaunda chama. Kamishna wao, Edwin Curtis, akawasimamisha kazi viongozi 19. Kamati ya raia iliyoundwa na meya ikaleta mapendekezo ya kuyamaliza kimya kimya, Curtis akayakataa. Tarehe 9 Septemba askari zaidi ya 1,100 wakatoka, maduka yakavunjwa, watu wakafa, gavana Calvin Coolidge akaingiza askari wa jimbo, na sifa alizozipata hapo zikamsogeza mpaka ikulu ya Marekani.

Wasimuliaji wote wanaishia hapo. Kinachofuata hawakisemi, kwamba waliogoma hawakurudishwa kazini, halafu wale walioajiriwa kujaza nafasi zao wakapewa mshahara mkubwa zaidi, likizo zaidi na sare za bure. Sare za bure!! Yaani yaleyale waliyofukuziwa wenzao. Kumbe hela ilikuwepo, alikosekana tu mkubwa wa kukubali kukaa chini na watu wake siku chache kabla.

Na mi hasira zangu zina chanzo. Shemeji yangu ni askari. Siku moja kaja nyumbani asubuhi, kavua buti, moja soli imefunua mdomo kama mamba. Akaitia gundi, akaishona kwa uzi mweusi, halafu akaipaka rangi taratibu kwenye mshono ili mkubwa wake asiuone kwenye gwaride, maana buti bovu ni kosa la askari. Fikiria hilo kidogo. Anamficha ubovu yuleyule anayetakiwa kumpa buti jipya. Nikamuuliza kwa nini asiseme tu, akanitazama kama nimemwambia apande meza ya hakimu.

ILO, Shirika la Kazi Duniani, nao wenye mikataba yao namba 87 na 98 ya miaka ya 40 kuhusu haki ya kuunda vyama na kujadiliana, polisi wakawaachia kila nchi iamue yenyewe. Asanteni sana.

Haya, kuna kitu nakubali, kwa shingo upande. Marekani vyama vya polisi wa miji vimejaza mikataba mambo ambayo hayakupaswa kuwepo, rekodi za malalamiko zinafutwa baada ya muda, askari aliyempiga mtu risasi anapewa siku kadhaa kabla ya kuhojiwa, aliyefukuzwa kwa ukatili anarudishwa na msuluhishi. Hapo siwatetei hata kidogo. Saa za kazi, likizo, bima, buti, jadilianeni mpaka kuche, ila raia aliyepigwa hajaalikwa kwenye hiyo meza kwa hiyo kipigo chake kisijadiliwe pale.

Mwalimu wangu alishangilia hapo akadhani kashinda. Nikamkumbusha jimbo la Wisconsin, Marekani, 2011, sheria ilipowanyang'anya walimu karibu haki yote ya kujadiliana na kuwaacha polisi na zimamoto na ya kwao. Mwanasiasa anajua nani ana bunduki na nani ana chaki. Akanyamaza, halafu akasema, "Unaona sasa, ndo maana siwapendi hao polisi."

Tumeachana hapo. Kesho tunaendelea maana lile la buti bado hajanijibu.