Acheni kubahatisha jina la kirusi, hesabuni pumzi za mtoto

Jamani, juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaa huku Uyole, Mbeya, kuna mtu karusha picha ya jedwali, homa ya ghafla weka tiki kwenye influenza, kamasi tu ni mafua ya kawaida, kifua kikilia filimbi basi ni RSV (kirusi kinachoshambulia njia za hewa), na kina mama wakaanza kuwajazia watoto wao majibu kama mtihani. Iliniuma. Huu ni Julai, baridi ya huku mnaijua, nusu ya watoto wa mtaa wanakohoa, na hizo dalili zinaingiliana mno, hata daktari bila kipimo hawezi kukuapia ni kirusi gani.

Haya, dalili za kuelekeza zipo, sikatai. Influenza mara nyingi inamwangusha mtoto ghafla, asubuhi kacheza jioni anawaka. RSV inawaonea wa chini ya miaka 2, inashuka mpaka kwenye vinjia vidogo vya hewa. Kikohozi cha usiku kinachobweka kama mbwa mara nyingi ni parainfluenza, kirusi kingine, siyo influenza. Ila RSV hiyohiyo kwa kaka mtu wa miaka 7 inakuja kama mafua tu, sasa hapo jedwali litakusaidia nini?

Mtoto wa dada yangu ana miezi 7. Siku ya tatu ya mafua akaanza kukataa ziwa, sisi tunasema meno hayo. Usiku nikamvua sweta, na la pili, na fulana, ndo nikaona: kila akivuta hewa chini ya mbavu panabonyea ndani, na alikuwa katulia wala halii. Nikaweka taima ya simu dakika 1 nzima, pumzi 58. Tangu asubuhi hakuna aliyekiona kile kifua, kwa sababu ya baridi tulikuwa tunamfunika tu. Usiku uleule kalazwa, kawekewa oksijeni, na mpaka anaruhusiwa hakuna aliyetutajia jina la kirusi.

Kwa hiyo shikeni hizi. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi 2 mpaka hajatimiza mwaka, 50. Mwaka 1 mpaka miaka 5, 40. Kifua kikibonyea, au hanyonyi, au anatapika kila kitu, au degedege, au analegea haamki vizuri, usihesabu tena, mtoe umpeleke hospitali hata kama ni saa 8 usiku.

Antibayotiki haiui kirusi. Jiko la mkaa litoeni chumbani. Na mnaowapeleka watoto wakakatwe kimeo kisa kikohozi, nawaomba sana muache, mtoto anavuja damu na kikohozi kiko palepale.

Nimemwomba admini afute ile picha, nikaweka hizo namba. Usiku huu mama mmoja kaniandikia inbox, wake ana miaka 2, kahesabu 44 lakini alikuwa analia. Nimemwambia arudie akishatulia, ikiwa ileile wamtoe. Bado namsubiri anijibu.