Cheti cha mkandarasi wa taa za dharura kinathibitisha nini?

Umeme ukikatika usiku kwenye hosteli ya ghorofa sita, kinachomfikisha mtu nje ni vitaa vidogo vya kwenye ngazi na juu ya milango, vinavyowaka kwa betri. Uingereza, kiwango cha BS 5266-1 kinataka njia ya kutokea ipate mwanga usiopungua laksi 1 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na taa nyingi hutakiwa kudumu saa 3. Sheria ya usalama wa moto ya 2005 inamtaka msimamizi wa jengo awatumie watu wenye ujuzi. Haimlazimishi kuchukua mkandarasi aliyethibitishwa na taasisi huru.

Uthibitisho wenyewe upo. Chini ya SP203-4, mpango wa BAFE, shirika la Uingereza la kusajili kampuni za usalama wa moto, kampuni inayosanifu, kufunga au kutunza taa hizi hukaguliwa na taasisi yenye ithibati ya UKAS, chombo cha taifa kinachowapima watoa vyeti wenyewe. Wanaotaka uwe wa lazima wana hoja nzito: msimamizi wa hosteli si fundi umeme, na kazi mbovu ya taa za dharura haionekani kwa macho.

Tazama majaribio. Kila mwezi fundi huzungusha ufunguo wa kukata umeme, hupita kila korido, huangalia kama zimewaka. Rahisi. Lakini mara moja kwa mwaka lazima ziachwe ziwake saa zote 3. Betri iliyochoka huwaka vizuri tu dakika ya kwanza. Huanza kufifia baadaye, fundi mwenye haraka akiwa keshafunga mlango wa gari lake. Baada ya hapo betri huhitaji karibu siku nzima kujaa tena, kwa hiyo jengo wanamolala watu linahitaji mpango wa usiku huo. Bei ya chini ya mkandarasi mara nyingi hutoka hapohapo: anayeondoka baada ya dakika 10 huhudumia majengo mengi kwa siku.

Wapinzani nao si wavivu wote. Fundi anayejitegemea, mwenye miaka 20 kazini, atalipia ukaguzi na makaratasi kama kampuni kubwa, na huenda anaijua kazi kuliko vijana wao. Zito zaidi ni hili: anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Moto wa tarehe 14 Juni 2017 kwenye Grenfell Tower, ghorofa la makazi jijini London, uliua watu 72. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, Septemba 2024, iliilaumu vikali hata taasisi ya vyeti ya British Board of Agrément. Vile vilikuwa vyeti vya vifaa vya ukutani, si vya mafundi wa taa, ila ugonjwa ni uleule. Ajabu ni kwamba ripoti hiyohiyo ilitaka ithibati iwe ya lazima kwa wanaotathmini hatari ya moto.

Mimi naegemea upande wa kulazimisha, kwanza kwenye hoteli, hosteli na nyumba za wazee, kwa sharti kwamba mkaguzi achague mwenyewe majengo ya kutembelea, bila kumtaarifu mkandarasi, na aanze na daftari la majaribio. Betri za taa hizi kwa kawaida husanifiwa kudumu miaka 4 hivi. Jengo lenye taa 200 ambalo daftari lake limeandikwa “imefaulu” miaka 7 mfululizo, bila betri hata moja kubadilishwa, lina maswali ya kujibu, na cheti cha mkandarasi wake pia.