Swali la Iringa na fomu ya kupanda cheo

Muulize mhadhiri yeyote wa chuo kikuu kazi yake ni nini, atakutajia tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Muulize ipi inayompandisha cheo, atacheka. Machapisho, basi. Hiyo ya tatu hujazwa mwishoni mwa fomu, ilimradi nafasi isibaki wazi.

Mimi mpangilio huo siukubali, na shahidi wangu ni Denis Osborne. Miaka ya 1960 alikuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, chuo kikiwa bado kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Siku moja akaenda Mkwawa, Iringa, kuzungumza na wanafunzi wa sekondari. Ulipofika wakati wa maswali akasimama Erasto Mpemba: chukua vyombo viwili vyenye maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, uviweke kwenye friji. Cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini?

Wenzake wakaangua kicheko. Alikwisha kuzoea. Jambo hilo aliliona tangu 1963 akiwa shule ya sekondari ya Magamba, walipokuwa wakitengeneza aiskrimu: kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye friji aliingiza maziwa yake yangali ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganya mambo.

Osborne naye hakuamini, ila hakumdharau. Aliporudi Dar alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, lakini angeendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! (Fundi huyo nampenda sana.) Mwaka 1969 makala ikachapishwa kwa majina ya wote wawili, Mpemba wakati huo akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka.

Wapo wanaobisha mpaka leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walisema ushahidi wa kuridhisha hawakuupata. Wabishane tu, ndiyo kazi yao, na waliopewa kazi hiyo na mwanafunzi wa sekondari si haba.

Kamati za vyeo zingeweza kuanza na jambo dogo: mhadhiri akizuru shule, asiulizwe walihudhuria wangapi. Aandike maswali aliyoulizwa, na lipi alirudi nalo maabara.