Amepona, lakini moyo wake nani anaupima?
Mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri kwamba katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye saratani ya damu aina ya ALL, ile inayowapata watoto zaidi, sasa hupona. Ila yanayofuata baada ya kupona umeyapitia haraka mno, na huko ndiko tuliko sisi wazazi.

Mwanangu alimaliza matibabu akiwa na miaka 7. Sasa ana 15, kila jioni yuko uwanjani na wenzake hapa Kirumba, Mwanza. Siku ya mwisho tuliambiwa amepona, nendeni nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba doksorubisini, ile dawa nyekundu ya dripu, inaweza kudhoofisha moyo hata miaka mingi baadaye, na kwamba kipimo cha ekho, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaweza kuonyesha tatizo kabla mtoto hajaanza kuhema. Hayo niliyajua mwaka jana tu, kwa nesi niliyekaa naye kwenye kivuko cha Kamanga. Nililia pale pale.

Je, mzazi wa Ukerewe aliyeuza nyavu ili mtoto atibiwe, yeye ataambiwa na nani? Wazazi wenzangu, daini hospitalini karatasi yenye majina ya dawa alizopewa mtoto na jumla ya dozi, ili daktari wa baadaye ajue kama moyo upimwe. Ipigeni picha, nakala nyingine mpeni mjomba aitunze.